Karatasi Nyeusi za Bwana Tomas

Ilomba, Mbeya
Novemba 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia, na baba amepata wa kumsaidia kupanda mahindi. Mwili wangu ni mzima, ila moyo haujatulia, na sina mwingine wa kumwambia.

Bwana Tomas, yule mwalimu mzungu ninayempigia taipu mitihani, alikuwa profesa kwao. Nchi yao ndogo inatawaliwa na Warusi. Alifungwa kwa kunakili vitabu vilivyokatazwa, kisha akafukuzwa nchini. Hayo anasema yeye. Mimi nilijiuliza, mtu mwema anachomesha nini kila asubuhi? Ni karatasi nyeusi za kunakilia, zile anazotumia kwa barua zake mwenyewe. Mimi huzichoma nyuma ya nyumba, naye husimama dirishani akizihesabu.

Mwezi uliopita, kwenye uchaguzi wa mbunge, alizidi. Alimwuliza kila mtu, "Ulichagua alama ya jembe au ya nyumba? Kwa nini?" Watu wakaanza kumkwepa. Balozi wetu wa nyumba kumi akanisimamisha bombani.

"Binti, kura ni siri. Huyo mzungu wako anaulizia ya nini?"

"Sijui, balozi."

"Hujui, na kidato cha nne umemaliza? Niletee moja ya hizo karatasi mnazochoma. Jumamosi."

Mama, asubuhi moja alipoitwa mlangoni kabla hajamaliza kuhesabu, niliificha moja ndani ya gauni. Nilipoielekeza kwenye mwanga, maneno yote yakaonekana, kwa Kiingereza. Alimwandikia rafiki yake wa Ulaya: "Kwetu karatasi ya kura ina jina moja tu. Hapa nimemwona mgombea wa jembe, aliyeshindwa, akimpa mkono yule wa nyumba, kisha akaenda kunywa chai. Hakuna aliyemkamata. Nimechoka kuwa mtu wa kupinga tu. Siku nchi yetu ikiwa huru nitarudi kuomba kura, hata nikishindwa." Chini yake kulikuwa na majina ya wenzake wanne ambao bado wamejificha huko.

Nikawaza, karatasi hii ikitoka kwa balozi itafika kwa nani? Na huyo atampa nani? Nikaichoma.

Jumamosi balozi akaja. "Iko wapi?"

"Nimeichoma, balozi. Ndiyo kazi yangu."

Akavitazama vidole vyangu vyeusi. "Haya. Kumbe unajua kusema."

Nilidhani nikimweleza Bwana Tomas atafurahi. Yeye akauliza, "Uliisoma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Yote?"

"Yote. Lakini nimeichoma."

Akasema polepole, "Aliyenichongea kwetu alikuwa mwanafunzi wangu. Binti mpole kama wewe. Naye alisema karatasi yangu ameichoma."

Tangu siku hiyo anazichoma mwenyewe, na mimi ndiye ninayesimama dirishani. Balozi naye hanijibu salamu. Niliichoma kweli, mama. Angalau wewe uniamini.

Mpe shikamoo zangu baba, na bibi aliyenisukia kikapu cha safari. Mbusu mdogo wetu wa mwisho. Dada Anna anayekusomea barua hii, mwambie asipaze sauti. Akimaliza, iwashie moto jikoni. Usimpe mwenye duka akafungie chumvi.

Ni mimi binti yako,
Yustina