Mama mkwe, mzee Olavi na samaki waliorudishwa

Mama Marie-Rose mpendwa, naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana sisi huku Finland tunasikiliza kipindi chako cha redio kila Alhamisi kupitia simu, na mume wangu akisikia tu habari hizi atajua ni mimi niliyeandika, lakini nimechoka kuficha, basi na ajue.

Jina langu ni Apolline, mtoto wa Kalundu, pale bandarini Uvira, nimeolewa na Frédéric, naye wa Kalundu, tuna watoto wawili na huu ni mwaka wa nne tunaishi kwenye mji mdogo huku wenye ziwa. Mwaka jana mwezi wa kumi tulimleta mama mkwe wangu, Mama Ninahazwe, ambaye ni mjane tangu Frédéric akiwa na miaka saba, mwanamke aliyelea watoto watano kwa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akisaidia kupakua mitumbwi ufukweni, akichambua, akianika, na sisi tukadhani sasa tumempumzisha. Alipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu akaniuliza, "Weye Apolline, huku batu banafanyaka nini?" nikamwambia wanafanya kazi, akasema, "Na minye je?" yaani yeye afanye nini.

Jirani yetu alituonya kwamba majira ya baridi ukijifungia ndani moyo unaugua, ndipo tukaanza kutoka kila Jumamosi, familia nzima, mama akiwa na suruali mbili chini ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, na juu yake koti langu la ujauzito, kwa sababu ndilo pekee lililokubali kufungwa juu ya nguo zake zote. Tulikwenda kuona kanisa la mbao ambalo halina hata msumari mmoja, tukaenda kilimani watoto wakateleza juu ya theluji kwa vipande vya plastiki, tukaenda kuangalia paa wenye pembe kama matawi, na kila mahali mama anasema ni vizuri, ni vizuri, huku uso umefungwa. Halafu Jumamosi moja tukaenda ziwani. Lote lilikuwa limeganda, watu wanapita juu yake na mbwa wao, na mama akakataa kushuka, akasema ziwa halikanyagwi, akaomba fimbo, akagonga barafu kama mtu anayebisha hodi kwa wageni, akasikiliza, ndipo akashuka. Mbele kidogo kulikuwa na mzee wa Kizungu amekaa kwenye kigoda, ametoboa shimo, anavua samaki.

Anaitwa Olavi, ana miaka sabini na kitu, mke wake alifariki, na anaishi peke yake nyuma ya duka tunalonunua mkate, mlango wake unaonekana dirishani kwetu. Lile shimo lake linaganda haraka, lazima mtu aondoe vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, na siku hiyo ya kwanza mama aliuchukua upawa mkononi mwa mzee bila kuuliza, naye akamtazama, akasogeza kigoda. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi ya mama kila Jumamosi, kuteka barafu, kutoa samaki kwenye ndoana, kuwapasua kwa kisu cha yule mzee haraka mpaka mwenyewe anapiga mluzi. Mama anamsemesha kwa Kirundi, Olavi anajibu kwa Kifini, na nakuapia wanasikilizana kuliko mimi na Frédéric. Sisi tunazunguka na watoto, tunarudi na chai kwenye chupa, tunawakuta kila mtu anaangalia shimo. Mama akirudi nyumbani anaimba.

Sasa sikiliza kosa langu, maana hili sijamwambia mtu. Niliwapiga picha wakiwa wamekaa hivyo, nikamtumia wifi yangu Akimana aliye huko Uvira, nikaandika, "Wifi, mama amepata mchumba wa barafu." Nilikuwa natania. Akimana akacheka, akaituma kwa mwingine, na siku ya tatu baba mdogo wa Frédéric, Mzee Libérat, akapiga simu: "Frédéric, unaachilia mama yako anaolewa juu ya mayi, na sisi hatuitwe?" Mume wangu alitamani ardhi immeze. Hakujua picha ilitoka wapi, na mimi nikaosha vyombo.

Na kama shetani alikuwa amepanga, wiki hiyohiyo Olavi akagonga mlango wetu, kofia mkononi, na mfuko wa samaki wale wadogo wenye mistari mbavuni, akampa Frédéric, akamwonyesha mama kwa kidole, akasema maneno mawili, akaenda. Frédéric akaniambia, "Mwanaume hapelekake kitu ku mulango ya mujane bure." Akauchukua ule mfuko, akaenda kuuning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa Olavi. Mama alikuwa dirishani, aliona yote.

Mama Marie-Rose, sasa ni Jumamosi ya tano mama hatoki. Anakaa karibu na kile chuma cha ukutani kinachotoa joto, kikwembe mpaka kidevuni. Tukimwita anasema, "Muende. Minye nitaona kwa dirisha." Juzi amemwambia Frédéric amtafutie tiketi arudi Uvira, ilhali nyumba yake kule ilishabebwa na mafuriko, hana hata ukuta, na kifua chake si kizima. Frédéric anasema huo ndio ushahidi kwamba mama alikuwa amempenda yule mzee. Mimi namtazama mama na roho inaniuma, maana ni mama yangu kabisa yule, aliniogesha nilipojifungua. Je, nimwambie Frédéric kwamba picha ilitoka kwangu? Na mimi mkwe, nitaongea na mama mkwe wangu habari za mwanaume kwa mdomo upi? Au tumwache aende?

Ni mimi, Apolline, mwenye kosa.

*

Apolline, binti yangu, ulisema nisicheke, na kwenye lile koti la ujauzito nimecheka. Nilipofika pale mama alipo dirishani kicheko kikaisha.

Nianze na wewe. Ulimi hauna mfupa, tunajua, lakini siku hizi umepata na simu. Ulimtania mama mkwe wako mbele ya Uvira nzima, halafu ukaacha mumeo abebe aibu huku wewe unasugua sufuria. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. Unampenda yule mama, barua yako yote inasema hivyo. Basi mpende na mdomo ukiwa umefungwa.

Sasa ondoka, nataka mumeo. Frédéric, najua unasikiliza. Wewe mtoto wa Kalundu, nijibu: mtumbwi ukifika, na mwanamke akasaidia kupakua, akachambua na wenzake, anaondoka mikono mitupu? Anakinga beseni lake, wanamtilia samaki. Haombi, na hakuna anayemuuliza, ni haki ya mkono wake. Mama yako alikinga beseni miaka mingapi? Na waliomtilia walikuwa wanaume, wengine hawana wake, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa Mzee Libérat na posa. Ninyi watano mkala, mkashiba, mkasoma.

Leo mwanamke yuleyule ameteka barafu Jumamosi baada ya Jumamosi, amepasua samaki wa mtu, na huyo mtu amevua kofia akaleta fungu lake mpaka mlangoni. Ukalirudisha. Wewe ulidhani unarudisha posa. Mama yako aliona kitu kingine. Kwetu ufukweni, mtu aliyefanya kazi akinyimwa fungu lake anajua ameambiwa kesho asije. Ndiyo maana hatoki. Unasema anamlilia mwanaume. Mimi nasema mama amefukuzwa kazi, kazi pekee aliyoipata katika nchi yenu hiyo, na aliyemfukuza ni mwanawe.

Wewe mwenyewe hukumsikia? Aliwaambia tangu wiki ya tatu: "Na minye je?" Mlimpeleka kuona kanisa, mkampeleka kuona paa. Mambo mazuri. Lakini mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hashibi kwa kutazama.

Utaniuliza, na kama yule mzee ana neno lake moyoni? Sijui, mimi siishi moyoni mwa Olavi. Mama yako amelala peke yake tangu wewe una meno ya utoto. Siku neno likija, ataletewa yeye, atalijibu yeye. Huyo Mzee Libérat niachieni, tunasali parokia moja.

Basi fanyeni hivi. Apolline, mwambie mumeo leo, kabla hajazima simu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Halafu nenda kwa mama, piga magoti, sema, "Mama, ni minye nilituma ile picha, nimekosa," na unyamaze. Habari za mwanaume usiziguse, hazikuhusu.

Frédéric, kesho nenda kwa Olavi, wewe mwenyewe, usitume mtoto. Kifini ulicho nacho kinatosha kusema "samahani" na "mama yangu". Mwombe lile fungu. Kama samaki wameshaliwa, mwombe fungu jingine, na akikupa ulipokee kwa mikono miwili. Ulipeleke nyumbani, uliweke mapajani mwa mama, mbele ya watoto wako, useme ni la kazi yake. Tiketi msinunue mpaka awe amewapika hao samaki.

Na Jumamosi mtoke wote. Frédéric, utembee nyuma ya mama yako. Njia ya ziwani anaijua kuliko wewe.