Hatua za Gaju

Jumanne, kambi ya Mbuba

Bado nina hasira. Fahali wa pembe ndefu yuko Nyarubungo, nje ya kambi, lakini sisi wakimbizi hatutoki kambini bila kibali. Basi ng'ombe wetu Gaju, aliyeongoza gwaride la ng'ombe wa mfalme kule Rwanda, akapandwa na fahali wa jirani, wa pembe fupi. Leo ndama wake ameanza kuota pembe. Vijipembe vya mbuzi!

Baba ndiye aliyemfundisha Gaju kutembea kwa wimbo. Jioni akamwimbia majina yake ya sifa. Gaju akainua kichwa, akaenda kwa madaha kama zamani, mpaka kwenye mpaka wa kambi. Hapo akageuka mwenyewe, bila fimbo.

"Baba, hilo ulimfundisha lini?"

Akampapasa Gaju shingoni.

"Mimi sikumfundisha."