Kiti cha Jamaa

4 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na vumbi la mbao halikukoseshi usingizi. Mimi mzima, ila nimechoka mpaka kwenye kope. Naandika kwa sababu simu zangu unazikata ukishajua nataka kumzungumzia nani.

Mdogo wangu yupo hapa kituoni kwetu. Amekuja mwenyewe, hakuletwa na mtu, na begi moja begani. Unajua kazi yangu: kukaa na watu walioelemewa na pombe na dawa za kulevya, na wengine akili zao zimevurugika, tutafute pamoja namna ya kuishi. Wiki hii mmoja kaniapia kwa jina la mama yake kwamba ameacha, na mama mwenyewe kakaa pembeni anatikisa kichwa. Nimecheka, nikaanza naye upya.

Lakini mdogo wangu siruhusiwi kumshika. Kwetu ndugu hamhudumii ndugu. Amepewa mwenzangu, mama mtu mzima ambaye siri haimtoki hata umkamue. Mimi niko chumba cha pili, nasikia sauti tu bila maneno. Ninachojua ni kile ninachokiona nikipita mlangoni kwake: begi bado limefungwa. Nguo hajazitoa hata moja. Wengi tuliowapoteza walikuwa hivyo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya jamaa. Kila mgonjwa huchagua mtu mmoja aje akae mbele yake, wazungumze. Amekuchagua wewe. Njoo, Baba.

Binti yako,
Kifungua mimba

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kile kile, tumeshazoeana. Wewe unasema umechoka, basi lala. Kazi haiishi, anayekwisha ni mtu.

Sasa kuhusu yule bwana. Misumeno aliuza, nikanyamaza. Patasi akauza, nikasema ni ujana. Lakini randa ya babu yako! Baba yangu aliniwekea mkononi mwenyewe, mpini umelika kwa kiganja chake. Nilipomuuliza iko wapi, akanijibu labda panya. Panya, mwanangu! Abebe randa ya mti na chuma, aende nayo wapi, akarande nini? Nilicheka, halafu nikalia mbele ya wateja. Mtu mzima mimi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siji. Kakae wewe, ndiwe mwenye elimu ya watu hao.

Baba yako,
Fundi

2 Juni

Baba,

Shikamoo. U hali gani huko? Ya kwangu usiniulize.

Siku ya jamaa imepita, na nilikaa mimi. Kiti kile cha jamaa nimewakalisha wazazi wa watu miaka yote. "Karibu mama, kaa vizuri, tulia." Mimi mwenyewe sikuwahi kukikalia hata mara moja. Baba, kinayumba! Ukiegemea kinakwenda huku, ukikaa sawa kinarudi kule. Na wazee wote hao wamekaa hapo wakijibu maswali yetu, hakuna aliyethubutu kusema.

Mdogo wangu alikaa mbele yangu. Na mimi, ninayelipwa kwa kuongea na watu, pale nilikuwa dada yake tu. Nikaanza kulia, si kwa huzuni hata, kwa kuchoka tu, na kiti nacho kinanitikisa. Akanitazama. Akainuka, akapiga magoti, akavua ndala yake akaikunja, akaisukuma chini ya mguu wa kiti.

"Wa nyuma, kushoto," akasema. "Baba angeuona akiwa bado mlangoni."

Alikaa mguu mmoja peku mpaka muda ukaisha.

Leo nimepita kwake. Begi bado limefungwa. Mwenzangu ameniambia neno moja, ambalo mdogo wangu mwenyewe ameruhusu nilisikie: anakungoja. Siku ya jamaa nyingine ni mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo sidhani kama tutamkuta.

Sikwambii umsamehe. Randa ilikuwa yako, uchungu ni wako. Ila nimechoka kumbembeleza yeye huku na wewe huko. Sitakuandikia tena habari hii.

Binti yako

24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimechelewa kujibu. Nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu, na vyote viwili havishiki kalamu.

Kiti hicho asikiguse mtu. Najua mafundi wa huko, watakata miguu mitatu ifuate ule mfupi, na mwisho mtakaa sakafuni. Mguu mfupi huungwa kipande. Kipande ninacho, mti mgumu, nimekipiga msasa wiki nzima, zaidi ya kinavyohitaji. Randa nimeazima kwa jirani. Si kama ile. Itafanya kazi.

Nafika Ijumaa jioni. Lakini kuunga si kazi ya mtu mmoja, lazima mmoja ashike na mwingine agonge, na wewe mikono yako naijua tangu utotoni, utanipondea vidole. Wewe siku hiyo ulale.

Mwambie mwanangu atoe nguo begini, avae ndala zake zote mbili, aje anishikie kiti.

Baba yenu