Chupa Kumi na Mbili za Matango

Jumamosi, 8 Februari

Chupa ya saba leo. Matango madogo kutoka soko la Merrylands, hapa Sydney, yale magumu yenye vipele. Maji ya chumvi, kitunguu saumu, pilipili, na jani moja la mzabibu wa jirani uliovuka ua, ili yasilainike. Siki hapana. Yachachuke yenyewe. Alinifundisha bibi Mpolandi ninayemhudumia kazini. Zikifika kumi na mbili zitatutosha, tuzile baridi ikija, mpaka iishe. Binti yangu Tina anasema nyumba inanuka. Avumilie.

Jumatano, 12 Februari

Joto kali. Mapovu yanapanda vizuri. Niliweka sikio kwenye chupa nikajua yameiva kabla sijaonja. Mama alisikiliza mitungi yake hivyo hivyo. Alikuwa anapika busaa, pombe ya nafaka, kule Kitale. Hapa Sydney sijamwambia mtu. Hata Tina hajui.

Zilizo tayari zimeingia kwenye friji ya gereji.

Jumamosi, 15 Februari

Kina mama wa kanisa walikuja kwangu kwa maombi. Kifuniko cha chupa moja nilikuwa nimekikaza kupita kiasi. Kosa langu. Katikati ya maombi kikafyatuka, pwaa! Povu mpaka kwenye zulia, harufu ya kuchacha kila mahali. Nilicheka peke yangu. Mama Brayo alifumbua macho, akatazama chupa, akayafumba tena. Simpendi huyo mama. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 17 Februari

Picha ya chupa zangu iko kwenye grupu ya WhatsApp ya kina mama. "Tumuombee dada yetu, anapika pombe nyumbani." Chini yake ameandika Mama Brayo, ambaye ni wa Kitale kama mimi: mamake alikuwa mpika pombe, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nimesoma mara nne. Miaka sita nimeshika funguo za jiko la kanisa. Nimepika harusi zao. Nimepika matanga yao. Hakuna hata mmoja aliyenipigia kuuliza.

Tina ameiona. "Mum, is it true? About your mum?"

Nikasema ndiyo, ni kweli kuhusu mama. Akaingia chumbani kwake.

Alhamisi, 20 Februari

Pasta amepiga simu. Anajua ni matango. Amesema mwenyewe. "Lakini watu wanaongea, Mama Tina. Yamwage tu, Jumapili uombe msamaha, yaishe. Funguo utabaki nazo."

Niombe msamaha kwa ajili ya matango? Au kwa ajili ya mama?

Nimekata simu nikaenda moja kwa moja kununua matango mengine. Sasa ni kumi na mbili.

Jumapili, 23 Februari

Nilisimama mbele. "Yale ni matango. Lakini ni kweli mama yangu alipika busaa. Busaa ndiyo ilinisomesha mpaka nikafika hapa mbele yenu. Siombi msamaha."

Nikaweka funguo mezani mbele ya Pasta. Mama Brayo alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba, na sidhani alikipata.

Sikutoka. Nilirudi kwenye kiti changu, wimbo wa mwisho nikauimba kuwashinda wote.

Nyumbani nimelia. Lile jiko nililipenda. Sufuria zake zote nazijua, hata ile yenye mkono uliolegea.

Jumatatu, 24 Februari

Kazini. Sina la kuandika. Bado nina hasira.

Jumamosi, 12 Julai

Baridi ya kuuma vidole. Leo tumefungua chupa ya kwanza. Tumekula na ugali na maharagwe. Matango bado magumu, yanalia mdomoni. Tina amekula matatu, yeye aliyelalamikia harufu.

Halafu akauliza bibi yake aliitwa nani. Ana miaka kumi na minne na sikuwahi kumtajia. Nikamwambia: Nekesa. Nikamweleza pia jinsi alivyokuwa akiinama na sikio kwenye mtungi, ametunyamazisha sote.

Tina amechukua kalamu nene, akaenda gereji, akaandika NEKESA juu ya kila kifuniko. Vyote kumi na moja.

Kesho kuna chakula cha pamoja kanisani. Jikoni siku hizi yuko mtu mwingine. Nitapeleka chupa mbili, niziweke katikati ya meza, halafu nikae nile.