Kinanda cha Maziko ya Dagny

Copenhagen, 3 Machi 2012

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na baridi ya huko imeanza kulegea. Mimi mzima, ila koo linanikwaruza. Miaka hamsini na nne na bado napiga mayowe jukwaani kama mtu aliyebanwa vidole na mlango.

Nina habari njema. Ile santuri ya kwanza ya bendi yetu, ya mwaka 1982, inatolewa upya. Unaikumbuka enzi ile: najipaka unga wa ngano wa jikoni kwa mama, jasho likinitoka uso unakuwa donge, halafu nachomoka kutoka kwenye jeneza nikiwa na koleo la Svend mchimba makaburi. Watu wa Holstebro walinicheka mpaka wakashika mbavu. Leo vijana wa Ujerumani na Japani wanaitafuta santuri hiyo kama dawa.

Kinachowavuta zaidi ni kile kinanda cha mwanzo, kabla magitaa hayajaingia. Baba, ni wewe. Siku ya maziko ya mama nilificha kinasa sauti chini ya benchi kule juu kwenye rosheni ya kanisa, penye kinanda. Nilitaka tu kubaki na sauti ya kinanda chako, kisha wenzangu wa bendi wakaisikia. Sikukwambia kwa kuwa uliapa hutaisikiliza kazi yangu, na kweli hukuisikiliza. Zamani nyuma ya kinanda kulikuwa na mvumo tu. Sasa fundi amesafisha sauti, na unasikika ukilia. Nilijivunia kuwa mwanao.

Mwanao,
Keld

Lemvig, 11 Machi 2012

Mwanangu Keld,

Marahaba. Goti liko vilevile, linanitangazia mvua kabla ya redio. Jirani yangu Oluf anakusalimu.

Barua yako nimeisoma nimekaa, kisha nikaisoma tena nimesimama. Unajua kwa nini nilipiga kinanda mwenyewe siku ile? Mchungaji alitaka kuazima mpigaji kutoka Struer. Nikakataa, kwa sababu mpiga kinanda hukaa juu, kawapa watu mgongo, na hakuna anayemwona uso. Chini ningekaa benchi la mbele, kanisa zima likinikodolea macho, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Hata wewe hukuniona nikitoa chozi. Kule juu tulikuwa mimi na Dagny peke yetu, au ndivyo nilivyoamini miaka yote hii.

Unga nilikusamehe. Koleo la Svend nililirudisha mimi na matusi yake nikayapokea mimi. Wazee wa kanisa waliponijia juu, niliwaambia mtoto anacheza tu, kila Ijumaa anakufa na kufufuka, hamdhuru mtu. Nakutetea, kumbe umeshaniibia.

Kinanda kibaki, watu wameshakizoea. Kilio kitoe. Mashine za siku hizi haziwezi kushindwa na hilo. Sikuombi kitu kingine, Keld.

Baba yako

Copenhagen, 19 Aprili 2012

Baba,

Shikamoo, na pole na goti. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa Sweden kwa maonyesho.

Nimekuelewa na nimeona aibu. Nimeongea na fundi, kilio kinatoka. Hukupaswa hata kuomba. Santuri zikitoka kiwandani nakuletea ya kwanza kwa mkono wangu, tunywe kahawa. Usipotaka kuisikiliza tutaitundika ukutani. Na ngazi usipande bila mtu.

Mwanao,
Keld

Lemvig, 2 Mei 2012

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na usingizi umerudi. Asante. Nimemtambia Oluf kwamba nina mtoto ukimwambia kitu anasikia, naye akasema wake ukimwambia kitu anauliza kwa nini.

Njoo Juni. Viazi vipya vitakuwa tayari na samaki wa siki nitamtengeneza kama alivyofanya mama yako. Oluf ana gramafoni. Huenda nikaisikiliza.

Baba yako

Lemvig, 27 Julai 2012

Keld mwanangu,

U mzima? Viazi tumevila mimi na Oluf. Simu yako inaita tu. Najua una shughuli nyingi, sikulaumu. Niandikie hata mstari mmoja nijue huumwi.

Baba yako

Lemvig, 14 Septemba 2012

Keld,

Salamu. Mimi mzima, na nimesikia kwamba wewe pia ni mzima.

Jumapili Birgit, binti wa Oluf, alikuja kutoka Aarhus na zawadi yangu, santuri yenu, ndani ya karatasi ya maua. Ni shabiki wako tangu shuleni. Maskini, alikuwa na furaha, hakujua chochote. Kwenye jalada kumebandikwa kipande chekundu cha karatasi kilichoandikwa: msikie mume akilia kwenye maziko ya mkewe. Yeye na Oluf wakaniuliza kama waiweke kwenye gramafoni. Nikasema wekeni.

Mkewe ni mama yako, Keld. Oluf alishusha kikombe taratibu akatazama nje dirishani. Birgit alianza kulia. Na kilio hamkukiacha kilipokuwa, mmekiongeza sauti. Kinanda kiko nyuma, mimi niko mbele. Jambo kama hilo halifanyiki kwa bahati mbaya. Mlikaa mkachagua.

Ungenikatalia mwezi wa Aprili ningekasirika, tungegombana, yangekwisha. Lakini ulikubali. Nikakushukuru, nikamsifia jirani mtoto ambaye sina. Umenisaliti, na sijui neno la upole zaidi la kuliita jambo hili.

Juzi nilikwenda kwa mchungaji. Nimemwomba siku yangu ikifika kinanda kifungwe, waimbe kwa sauti tupu. Akauliza kama nina ugomvi na mpiga kinanda mpya. Nikamwambia hapana, binti yule anapiga vizuri kuliko mimi.

Utaarifiwa, na benchi la mbele ni lako. Nimemwagiza mchimba makaburi apande rosheni kabla ya ibada, aangalie chini ya mabenchi.

Aksel Nørgaard