Jina Kwenye Nguzo ya Baa ya Admirali

Mpendwa mshauri,

Sijawahi kuandikia gazeti na shule niliiacha mapema, kwa hiyo nisamehe mwandiko wangu, lakini nimekwama na naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana hapo natakiwa kusaini jambo ambalo si kweli, na nikikataa kuna mzee atatolewa nyumbani kwake huku anakufa.

Mimi ni mpiga lipu, kwetu ni kaskazini, pwani kulikokuwa na viwanda vya meli kabla havijafungwa, na tangu baridi ianze niko huku mashariki nalala chumba cha juu cha baa ya kijiji. Kampuni ya bia inayoimiliki ilitutuma tutoe unyevu ukutani, na baadaye ndipo tukaambiwa inataka kuiuza igeuzwe nyumba za watu wa London za kuja wikendi. Baa yenyewe ni ya kizamani, haina kaunta, bia hutolewa kwenye mapipa chumba cha nyuma, na mpangaji anayeiendesha, Mzee Larwood, alikuwa akiileta mezani mwenyewe kwa jagi mpaka mapafu yalipomshinda. Alizaliwa humu ndani, baba yake ndiye aliyekuwa mpangaji kabla yake, mke alishamzika, watoto hawakujaliwa, na muuguzi anayekuja kumwangalia ameniambia kwenye ngazi kwamba mzee hatauona msimu wa joto.

Baa imepewa jina la Admirali, mkuu wa jeshi la majini wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, naye ni mtoto wa kijiji hiki. Kabla hajawa mtu mkubwa alikaa nyumbani miaka kadhaa bila meli, akingoja kuitwa, na kila mtu hapa anaamini kwamba jioni alikuwa anakaa kwenye benchi la pembeni mwa moto. Baadaye vitani alipoteza mkono wa kulia, na mwishowe uhai, kwa hiyo humu ndani hakuna anayeinua glasi kwa mkono wa kulia hata kama ni mgeni. Mimi jioni ya kwanza niliinua kama nilivyozoea, baa nzima ikageuka kunitazama.

"We Kaskazini," akasema Della, mama anayehudumu, "huo mkono umeutoa wapi? Admirali hakuwa nao."

"Mwache bwana, kwao wanakunywa kwa ndoo," akadakia mmoja.

"Basi ndoo aishike kwa kushoto!"

Wakacheka, nikahamisha glasi, nikajimwagia bia surualini, na tangu siku hiyo jina langu ni Kaskazini, na nasema kweli sijawahi kupendwa mahali pa kazi kama hapa.

Sasa kosa lenyewe. Della alisikia kwamba ikithibitika Admirali alikuwa akikaa humu, halmashauri haitaruhusu nyumba igeuzwe, ila hakuna uthibitisho wowote, ni maneno ya watu tu. Wiki ile ile nikabandua lipu nyuma ya benchi nikakuta nguzo ya mwaloni, nyeusi, tupu, naijua ilikuwa tupu kwa sababu niliisugua kwa brashi kwa mikono yangu. Asubuhi yake nashuka nakuta jina la Admirali limechongwa pale na mwaka 1789, herufi zimelala nyuma kama za mtu aliyetumia mkono wa kushoto, zimepakwa masizi na chai baridi zionekane za zamani, na Mzee Larwood amekaa kando kwenye kigoda, patasi yangu miguuni, anapumua kama mvukuto uliotoboka.

"Mzee, umefanya nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu, kijana wangu. Wewe ndiye umelikuta, chini ya lipu."

"Mzee Larwood, jana mimi mwenyewe nime..."

"Jana ulichoka, hukuona vizuri." Akakohoa mpaka akashika meza. "Nimechonga kwa kushoto, kama yeye. Nani atabisha? Wakinitoa hapa watanipeleka kwenye yale majumba ya wazee, nilale na pazia katikati yangu na mtu nisiyemjua. Ndivyo unavyotaka?"

Nikaokota patasi yangu. Jioni Della akaniuliza mbele ya watu wote, "Kaskazini, sema, umelikuta chini ya lipu?" Nikasema ndiyo. Mshauri, walisimama wote wakainua glasi kimya, mwanaume mzima mwenye mwili kama trekta akalia, na Mzee Larwood hakunitazama.

Sasa mkaguzi wa majengo ya kale anakuja na anataka nisaini kwamba nililikuta. Baba yangu alifia wodini mimi niko juu ya jukwaa la ujenzi, nikasikia kwa simu, na sitaki mwingine afe hivyo kama neno langu moja linaweza kuzuia. Lakini silali. Nisaini au nisisaini?

Kaskazini

*

Ndugu Kaskazini,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika, kwa hiyo vumilia.

Usisaini. Sisemi hivyo kwa sababu ya utakatifu. Nasema kwa sababu uongo wenu hautadumu hata muda wa kunywa glasi moja. Umeniandikia mwenyewe kwamba Admirali alikaa kijijini kabla ya kupoteza mkono. Mwaka 1789 alikuwa na mikono yote miwili, mizima kabisa, na aliandika kwa wa kulia kama wewe na mimi. Ule wa kulia alikuja kuupoteza miaka minane baadaye. Watoto wa shule wanalijua hilo, na mkaguzi atalijua akiwa bado amesimama mlangoni. Baa nzima imeinua kwa kushoto maisha yake yote mpaka imesahau kwamba kuna wakati alikuwa kijana mzima, na hakuna hata mmoja wenu aliyesimama akajiuliza. Namwelewa Mzee Larwood, maana hana pumzi wala muda. Wewe je?

Fikiria itakavyokuwa. Mkaguzi atawaita waghushi. Kampuni itafurahi sana kuwa na sababu nzuri ya kumtoa. Hata yale maneno ya watu kuhusu benchi, ambayo huenda ni kweli, hakuna atakayeyasikiliza tena. Na mzee atatumia wiki zake za mwisho akijulikana kama mwongo, katika kijiji ambacho hakijawahi kumwita hivyo.

Halafu acha kumchanganya na baba yako. Baba yako alishakufa, na uongo kwa ajili ya mzee mwingine hautakurudisha kando ya kitanda chake. Najua inauma. Ndivyo ilivyo.

Sasa fanya hivi. Majina nimeyabadilisha na kijiji sikukitaja, lakini jina kwenye nguzo ya baa ni habari isiyojificha, kwa hiyo leo leo, kabla majirani hawajamaliza kusoma ukurasa huu, kaa na mzee. Kaa chini, usisimame juu yake. Mwambie habari ya ule mwaka na ule mkono. Atakutukana. Mwache atukane, akichoka mpe maji. Kisha mwambie Della, na jioni useme mbele ya wale wale uliowaambia ndiyo. Usimtupie mzee mzigo wote. Sema, "Nilidanganya." Mpigie mkaguzi simu, mwambie asije kwa ajili ya nguzo.

Kisha mpiganie kwa njia iliyo wazi. Kampuni haiwezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na mahakama huchukua muda, na muda ndicho kitu pekee mnachohitaji. Mwombe yule muuguzi amwambie daktari aandike hali ya mgonjwa. Della apeleke andiko hilo kwa mwanasheria wa bure mjini, na nakala kwa wakubwa wa kampuni, wakiombwa kitu kimoja tu, kwamba wasimguse mpaka afe. Kijiji kizima kisaini hilo, maana hilo ni kweli. Mtu kutaka kufia kitandani kwake hakuhitaji Admirali.

Huenda wakakubali, kwa aibu kama si kwa huruma. Huenda wakakataa. Sitakudanganya, mmeshadanganyana vya kutosha. Huwezi kumwahidi Mzee Larwood kwamba atafia nyumbani. Unachoweza kumwahidi ni kwamba hatakufa peke yake, na hata hiyo ahadi usiitoe kama huna nia ya kubaki huko kazi ya lipu ikiisha.