Aulizwe Tena

Kiuyu, 3 Februari 1960

Kwa Kaka Himid,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, kifua cha Mama kimepoa, mbuzi wawili wamezaa, na mimi ndivyo unijuavyo, mzuri kuliko juzi. Hofu yetu ni wewe, huko Unguja kwa fundi wako wa saa, watu wawili mnakaa kutwa mnasikiliza vyuma.

Mwandiko umeuona? Karani wa Chake hafui dafu. Watu husema nilitoroka shule darasa la tano. Sikutoroka, nilikwisha kupata nilichokitaka.

Sasa kaa kitako. Posa yako imekubaliwa. Usidhani ni kwa sura yako. Mzee Silima, mkweo mtarajiwa, alianza hivi: "Yule kaka yako Idi nzima kakaa barazani kwangu, kasema marahaba na alhamdulillahi, basi. Ana kiburi yule, au ana jambo." Siku hizi za vyama asiyesema huulizwa kadi yake kaificha wapi. Mwengine akadakia: simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Nikawaambia simba gani, huyu udogoni alikataa kula mbuzi wa Idi kwa kuwa alikwisha kumpa jina. Wakacheka. Mtu akichekwa, kaka, amekubaliwa nusu. Nusu ya pili niliimaliza kwa ulimi wangu.

Khairiya kaulizwa na shangazi yake, Bi Siti. Kainamisha kichwa, kanyamaza. Kwa hiyo tayari. Ndoa mfunguo mosi, Ramadhani ikiisha. Utanishonea kanzu, na isiwe fupi.

Mdogo wako,
Mabruki


Unguja, 14 Februari 1960

Kwa mdogo wangu Mabruki,

Waalaikum salaam. Mimi mzima, mpe Mama salamu zangu. Kwa furaha skrubu za saa zinaniponyoka vidoleni tangu juzi. Umenisemea vizuri, ahsante.

Nina ombi moja. Naomba Khairiya aulizwe tena, naye ajibu kwa mdomo wake, ndiyo au la. Mimi nimenyamaza maisha yangu yote, na watu wamekisoma kimya changu kuwa kiburi, na choyo, na ujinga, na sasa hata chama. Hakuna aliyewahi kukisoma sawa. Vipi basi nijenge nyumba juu ya kimya cha mwenzangu? Akikataa sitachukia.

Mwambie Mzee Silima mkiwa wawili tu. Polepole, Mabruki.

Kaka yako,
Himid


Kiuyu, 23 Februari 1960

Kwa Kaka Himid,

Salamu nyingi. Afya tunayo, tulichopungukiwa ni uso wa kutokea nje.

Nilimkuta Mzee Silima barazani na watu wake, na mimi polepole sikujaliwa. Nikaona kuliko kuyavuruga maneno yako, niyasome kama yalivyo. Nikasoma kwa sauti, kila kituo mahali pake. Nikangoja waseme huyu kijana kasoma.

Shehe Mmanga akaweka kikombe chini. "Soma tena hapo pa mdomo." Nikasoma. Akaniuliza: "Mwari huridhia vipi?" Nikasema kwa kunyamaza. "Na ni mwanamke gani anayetakiwa aseme kwa mdomo?" Hapo ndipo jasho liliponitoka. Ni yule aliyekwisha kuolewa, kaka. Ni yule asiye mwari. Wewe umekaa huko na saa zako, umemtumia Mzee Silima barua, na mbele ya watu wote umemwambia binti yake si mwari.

Nikasema Himid hakukusudia hivyo. Mzee Silima akasema, "Kumbe ndiyo maana huwa hasemi. Alikuwa akiyaweka haya."

Na hapo, nyuma ya mlango, Khairiya akasema: "Nimeridhia." Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imetosha. Bi Siti alichelewa kumziba mdomo. Wanaume wote wakautazama mkeka. Mwari kasema. Mmoja akanong'ona, "Basi na mwenyewe keshajibu," na Mzee Silima akamsikia.

Dawa ipo. Shehe amemwomba Mzee Silima asubiri Idi ipite. Njoo barazani, useme "nimekosea." Neno moja tu, kaka. Mimi hutumia mengi zaidi kumfukuza kuku.

Mdogo wako,
Mabruki


Kiuyu, 8 Aprili 1960

Kwa Kaka Himid,

Salamu. Afya ya Mama usiiulize, ungeiuliza ulipokuwa hapa. Umeondoka hata mimi hukuniaga.

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako. Mzee Silima alikukaribisha, akakupa kahawa kwa mkono wake, akakuuliza kistaarabu: "Himid, unamtilia shaka mwanangu?" Mtoto wa chuo cha Kurani angesema hasha. Wewe ukatazama kikombe. Mimi nikakufinya. Ukafungua mdomo, ukaufumba. Mzee akainuka, akaingia ndani, na mlango wake nausikia mpaka leo.

Unataka watu wakuelewe kwa njia gani? Kwa harufu?

Mabruki


Unguja, 17 Aprili 1960

Kwa mdogo wangu,

Nakusalimu, na Mama mwombe anisamehe.

Ningesema nimekosea, Khairiya angebaki peke yake na "nimeridhia" yake. Kosa lote lingekuwa lake. Nilikuwa nikitafuta neno la kutusitiri sote wawili, na halikuja kwa haraka ya kikombe kimoja. Yeye peke yake ndiye aliyenielewa, na hayo ndiyo malipo yake.

Tafadhali, usinisemee tena.

Kaka yako,
Himid


Kiuyu, 20 Juni 1960

Kwa Kaka Himid,

Assalaam alaikum. Hii ni barua ya pili tangu uniandikie. Ile ya mwezi uliopita, iliyokuomba uje upesi kabla ya posa nyingine, hukuijibu. Mama kifua kimerudi.

Khairiya kaolewa Ijumaa. Na Nyange wa Wingwi, mwenye wake wawili na ndevu za beberu. Mahari ilipunguzwa, na sababu kila mtu aliijua.

Uliniambia nisikusemee. Sikukusemea. Nilikaa na ulimi wangu mdomoni kama mgonjwa. Wallahi ni mara yangu ya kwanza.

Shehe Mmanga akasimama penye pazia. Mzee Silima akamwambia amuulize mara tatu, watu wote wasikie. Kaulizwa mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu Shehe akasubiri kidogo, kama vile hata yeye alikuwa akingoja kitu. Kimya. Akageuka akasema, "Ameridhia." Watu wakamshukuru Mungu, wakasema sasa ametulia, amekuwa mwari hasa. Halua ililetwa, nikaiacha.

Nilipotoka nilimuuliza Shehe, mtu akiandikiwa asijibu huhesabiwa vipi. Alinitazama sana, akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Basi kaka, niwaambie watu kwamba na wewe umeridhia?

Mdogo wako,
Mabruki